Maswali na Majibu: Banda la Ng'ombe wa Maziwa

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii yanahusu bati, matofali na saruji. Nitayajibu, lakini naomba msomaji anivumilie nikirudi tena na tena mahali ng'ombe anapolala, kwa kuwa hapo ndipo mabanda mengi ninayoyaona hukosewa.

Nimejenga banda la ng'ombe wawili hapa Njombe kwa matofali na bati jipya. Wanakataa kulala kwenye vyumba vyao, wanalala njiani juu ya mavi. Tatizo ni nini?

Ng'ombe mwenye afya hulala kati ya saa 12 na 14 kwa siku, na wakati huo hucheua, kwato zake hupumzika, na damu hupita kwa wingi zaidi kwenye kiwele. Kwa hiyo ng'ombe asiyelala vizuri anakupunguzia maziwa hata kama hori limejaa. Mtazame anaponyanyuka: hubaki amepiga magoti ya mbele, husukuma kichwa na shingo mbele kwa nguvu, ndipo huinua sehemu ya nyuma. Ukiwa umemjengea ukuta mbele ya pua hana pa kusukumia kichwa, na baada ya kuhangaika mara chache atachagua njia, ambako mavi na mkojo humletea ugonjwa wa kiwele.

Kwa chotara wa Friesian, chumba cha urefu wa mita 2.1 hadi 2.2 na upana wa mita 1.2 kinatosha, mradi mbele pawe wazi. Penye ukuta, ni lazima urefu uongezwe. Upana ukizidi sana atageuka na kunya palepale anapolala. Funga mti uliolazwa kukingama juu ya shingo, kimo cha mita 1 hivi kutoka sakafuni na mita 1.7 kutoka ukingo wa nyuma, ili akisimama alazimike kurudi nyuma kidogo na mavi yaangukie njiani. Najua inauma kubomoa ukuta mpya, ila ningekushauri uushushe ule wa mbele na kuweka mirunda badala yake. Upande unaopigwa na upepo uache ulivyo. Pande nyingine ziwe wazi, kwa sababu ng'ombe asiyelowa huvumilia baridi ya Njombe vizuri, ilhali harufu kali ya mkojo iliyofungiwa ndani huumiza mapafu.

Ukimaliza, ingia mwenyewe chumbani na upige magoti kwa kishindo. Magoti yakiuma au yakilowa, ongeza matandiko.

Niko Muheza, Tanga. Nitumie makuti au mabati?

Ng'ombe mwenye damu ya kigeni huanza kusumbuliwa na joto linapopita nyuzi 25 hivi, hasa penye unyevunyevu kama kwenu. Hupunguza kula, na maziwa hushuka. Makuti hayapitishi joto kama bati, nami ningeyachagua mahali yanapopatikana kwa urahisi na mwenye banda yuko tayari kuezeka upya kila yanapochakaa. Ukiamua bati, inua paa hadi mita 3 na uache mwanya kileleni ili hewa ya moto itoke. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, jua lisiingie ubavuni. Kwenye nyanda za baridi hufanywa kinyume, ili jua la asubuhi na la jioni likaushe sakafu. Weka pia maji kivulini muda wote, kwani ng'ombe anayekamuliwa hunywa lita 60 hadi 100 kwa siku, na kwenye joto huhitaji zaidi.

Kihamba changu (shamba la nyumbani) huku Rombo kiko kwenye mteremko mkali, na fedha ya saruji ni kidogo. Nianzie wapi?

Wazee wa Uchagani wamefuga ng'ombe ndani kwa vizazi vingi, samadi ikirudi kwenye migomba, na mteremko huo unaweza kukufanyia nusu ya kazi. Jenga banda kufuata kontua, yaani likingame mteremko, chimba mfereji upande wa juu wa kugeuza maji ya mvua, na sakafu iiname sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita ili mkojo ushuke wenyewe kwenye shimo la samadi, kisha uende migombani.

Saruji yote uliyo nayo imalizie njiani na mbele ya hori, ambako ng'ombe husimama na kukanyaga kila siku: shindilia mawe, kisha mwaga zege la sentimita 10 kwa kipimo cha saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne. Usimruhusu fundi alilainishe kama sebule. Apitishe ufagio mgumu kabla halijakauka, ng'ombe asiteleze. Mahali pa kulala hapahitaji zege hata kidogo. Udongo ulioshindiliwa vizuri na kufunikwa maranda makavu ni bora kuliko sakafu tupu ya saruji, na ni nafuu.

Ndama akae na mama yake?

Hapana. Mpe chumba chake cha mita 1.2 kwa 1.5, chenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa na kuachiwa nafasi ndogo kati ya ubao na ubao, mkojo upite chini. Apate hewa bila kupigwa na upepo.

Fundi wetu hapa Kiambu anataka kupaka nguzo zote oili chafu kuzuia mchwa. Ni salama?

Mkatalie. Ng'ombe hulamba kila kitu, na oili iliyotoka kwenye injini inaweza kuwa na risasi, sumu inayoua ng'ombe. Tumia nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, au zisimamishe juu ya vitako vya zege ili mbao isiguse udongo.

Jambo jingine hukuliuliza, lakini ni zito vilevile: misumari. Ng'ombe hachambui chakula mdomoni, hivyo msumari au kipande cha waya kikiangukia kwenye majani ya nepia anayolishwa humezwa, hukaa tumboni na huweza kutoboa hadi kwenye moyo. Fundi akishaondoka, pitisha sumaku sakafuni, ndani ya hori na pale alipokuwa akikatia mbao, kabla ya ng'ombe wa kwanza kuingia.