Swali la lugha: Ulimwengu una maada "ngapi" au "kiasi gani"?

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Lubumbashi. Naandaa ukurasa wa Kiswahili kwa wanafunzi wanaosoma kwa Kifaransa lakini nyumbani wanaongea Kiswahili. Nimeandika: "Wanasayansi wamehesabu ulimwengu una mada ngapi ya kawaida, nayo ni asilimia 5 ya mada yote." Mwenzangu anasema "ngapi" si sahihi, niweke "kiasi gani", na "wamehesabu" niitoe. Watoto wenyewe wanauliza, kwa neno la Kifaransa: "Ulimwengu iko na matieri ngapi?" Nani yuko sawa?

Jibu: Mwalimu, mwenzako yuko sawa kuhusu "ngapi" na ana hoja kuhusu "wamehesabu". Ila nyote wawili mmelipita kosa kubwa zaidi, lililojificha kwenye "ya mada yote". Nitalifikia.

"Ngapi" huuliza idadi, kwa hiyo hutaka kitu kinachohesabika kimoja kimoja: watu wangapi, nyota ngapi, protoni ngapi. Maada haihesabiki mpaka uipe kipimo. Ni kama unga sokoni: muuzaji hukuuliza meka (kipimo cha sokoni kwetu) ngapi, wala si unga ngapi. Basi andika "maada kiasi gani", lakini "kilo ngapi za maada", "atomi ngapi", "asilimia ngapi". Sentensi ya watoto inaeleweka katika Kiswahili cha mjini kwetu na sioni sababu ya kuwakemea. Kwenye maandishi, hata hivyo, msomaji atabaki anajiuliza: ngapi za nini?

Swali hilo lina uzito wake, maana wanaastronomia wana majibu tofauti kulingana na kinachoulizwa. Ukiuliza msongamano, jibu ni protoni 1 hivi (ukiihesabu kila nyutroni kama protoni) kwa kila mita 4 za ujazo, kwa wastani wa anga zote. Ukiuliza protoni ngapi, unazidisha. Ulimwengu tunaoweza kuuona una nusu kipenyo cha miaka ya nuru bilioni 46.5, yaani mita 4.4 × 10²⁶, na ujazo wake ni mita za ujazo 3.6 × 10⁸⁰. Robo ya hapo ni 9 × 10⁷⁹, na vitabu hukamilisha kuwa 10⁸⁰. Ukiuliza kilo ngapi, zidisha tena kwa masi ya protoni moja, kilo 1.67 × 10⁻²⁷, upate kilo 1.5 × 10⁵³.

Ukiandika "atomi" badala ya "protoni na nyutroni", kuwa mwangalifu: robo ya masi ya maada hiyo ni heli, na kiini cha heli kina chembe 4. Atomi zinakuwa pungufu kidogo, kama 8 kwa kila chembe 10. Ukiwa umekamilisha kuwa 10⁸⁰ tofauti hiyo haionekani, lakini mwanafunzi makini ataiona.

Sasa kitenzi "wamehesabu". Kukisia ni kutaja namba bila ushahidi mkononi. Kukadiria ni kuitoa namba katika vipimo vya vitu vingine, huku ukijua unaweza kukosea kwa kiasi gani. Kilichofanyika hapa ni kukadiria. Setilaiti ya Planck, iliyorushwa na Ulaya mwaka 2009, ilipima tofauti ndogo sana za joto katika mwanga mkongwe wa mikrowevu unaojaza anga zote. Ukubwa wa mawimbi yake hutegemea kulikuwa na maada kiasi gani wakati ule. Msongamano uliopatikana una kosa lisilofikia asilimia 1. Njia ya pili ni dyuteri, hidrojeni nzito iliyoundwa katika dakika za mwanzo za ulimwengu. Maada ikiwa nyingi, dyuteri nyingi hugeuka heli na kidogo hubaki. Katika mawingu ya gesi ya mbali iliyobaki ni kama atomi 25 kwa kila atomi milioni ya hidrojeni, na ukiirudisha hesabu nyuma unafika kwenye msongamano uleule.

Mwaka 2020 lilikuja jambo linalokaribia kuhesabu kweli. Watafiti waliotumia darubini ya redio ya Australia walichunguza milipuko ya redio inayodumu sehemu ndogo ya sekunde. Elektroni za njiani huchelewesha zaidi mawimbi ya masafa (frekwensi) ya chini kuliko yale ya juu, na ukubwa wa ucheleweshaji hukupa idadi ya elektroni kwenye mstari mzima hadi galaksi ilikotoka milipuko. Kabla ya hapo karibu theluthi hadi nusu ya maada ya kawaida ya zama zetu ilikuwa haijulikani iliko, kwa kuwa gesi iliyo kati ya galaksi ni moto na nyembamba mno. Kwa ucheleweshaji huo ikaonekana imo humo. Ukieleza njia hii peke yake, unaweza kusema "wamehesabu elektroni" bila aibu. Kwa jumla yake, weka "wamekadiria".

Kosa kubwa sasa. Asilimia 5 ni ya nini? Si ya maada yote. Ni ya maada na nishati yote ya ulimwengu: takriban 5 maada ya kawaida (ile ya atomi), 27 maada ya giza (isiyotoa mwanga, inayojulikana kwa mvutano wake), 68 nishati ya giza (inayoharakisha kutanuka kwa ulimwengu). Ya maada peke yake, ile ya kawaida ni kama asilimia 16. Kiunganishi kidogo "ya" kimekupunguzia jibu mara tatu. Baada ya "asilimia" usiache "ya" ikining'inia. Taja kizima chake. Na nyota? Hizo hazifikii sehemu 1 kati ya 10 ya maada ya kawaida. Iliyobaki karibu yote ni gesi. Ndiyo maana sipendi "maada inayoonekana" kama jina la maada ya kawaida, hasa kwa kuwa "onekana" lina maana mbili, kuonwa na kudhaniwa.

"Mada" na "maada" zimetoka neno moja la Kiarabu, lakini Kiswahili kimezigawia kazi: mada ni jambo linalozungumzwa, maada ni kitu chenye masi kinachochukua nafasi. "Matieri" ibaki mdomoni. Kumbuka pia kwamba "ma-" ya maada si kiambishi cha wingi. Andika "maada iliyopo", si "maada yaliyopo".

Hujauliza kuhusu bilioni, ila kwa wanafunzi wako ni mtego. Wao wamefundishwa kwa Kifaransa kwamba elfu ya milioni ni miliari, na bilioni ni milioni ya milioni. Katika Kiswahili sanifu bilioni ndiyo ile miliari. Atakayesoma "bilioni 46.5" kwa Kifaransa ataongeza nusu kipenyo mara 1,000, na kwa kuwa ujazo hukua kwa kipeo cha tatu, atomi zake zitazidi mara 1,000,000,000. Andika "bilioni (miliari)" pale inapotokea mara ya kwanza. Vilevile nukta: wao huandika 46,5, vitabu vya Tanzania na Kenya 46.5, na mkato wa vitabu hivyo hutenga maelfu. Chagua mfumo mmoja, uutaje juu ya ukurasa.

Sentensi yako, basi: "Wanasayansi wamekadiria ulimwengu una maada ya kawaida kiasi gani: ni takriban asilimia 5 ya maada na nishati yote, sawa na protoni 1 hivi kwa kila mita 4 za ujazo."

Ukitaka kuingiza na 10⁸⁰, isomwe "kumi kwa kipeo cha themanini". Si kipeuo, ambacho ni mzizi, kama kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Na ukiutuma ukurasa kwa simu, angalia tarakimu ya juu kabla hujabonyeza: programu nyingi huiangusha mstarini, na watoto watapokea ulimwengu wenye protoni 1080.