Meno ya bandia: Bi mkubwa apelekwe Dar au atengenezewe hapahapa Kigoma?

Mkuu, umeuliza kama mama yako aliyeko Mwanga hapa Kigoma mjini, aliyebakiwa na meno manne ya juu na chini hana hata moja, apande treni akatengenezewe meno ya bandia Dar kwa kuwa dada yako yuko huko. Mimi niko Ujiji, juu na chini natafunia ya bandia. Ushauri wangu: atengenezewe mahali anapoweza kurudi mara kwa mara bila kufunga safari.

Watu wengi wanadhani siku ya kuvalishwa kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba wiki za mwanzo plastiki mara nyingi huchubua ufizi mahali fulani. Unarudi, daktari anatafuta panapogusa, anasaga kidogo, unaenda nyumbani kula, halafu panaanza kuuma pengine. Jirani yangu mmoja alitengenezewa mbali, meno mazuri kabisa, akarudi Kigoma siku chache baadaye. Akapata kidonda pembeni ya ulimi, akayavua, na mpaka leo yako kabatini. Kazi haikuwa mbovu, alikosa wa kumsagia tu. Kwa hiyo kama mmeshaamua ni Dar, basi mama akae kwa binti yake mpaka vidonda viishe ndipo arudi.

Hayo manne ya juu msikimbilie kuyang'oa. Apigwe picha ya eksirei kwanza. Yakiwa imara, meno ya bandia yatashikizwa hapo kwa vikulabu vya waya, na mfupa unaoyazunguka hautaisha haraka. Jino likishang'olewa mfupa wake huanza kuyeyuka, ndiyo maana mzee aliyekaa miaka mingi bila meno taya linakuwa bapa. Na kama ya chini yameng'olewa karibuni, kwa kawaida husubiriwa kama miezi 3 fizi zitulie. Yapo ya muda yanayovaliwa siku ileile ya kung'oa, ila fizi zikinywea yatalegea na itabidi yajazwe upya kwa ndani. Kama ana kisukari daktari ajue mapema, vidonda vyake hupona taratibu.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi: ya chini ndiyo yenye kazi. Ya juu yanafunika kaakaa, mate yanayanyonya yanakaa. Chini kuna ukingo mwembamba tu, na ulimi unayasukuma mchana kutwa. Mwambieni mama mapema, asije akadhani ameibiwa pesa. Baada ya muda ulimi na mashavu hujifunza kuyatuliza, lakini kukaa kama ya kuzaliwa hayatakaa.

Kutengeneza kunachukua mahudhurio kadhaa. Kwanza vipimo, unawekewa mdomoni kitu kilichokorogwa kama uji mzito kinagandia humo. Unaelekea kutapika, pumulia puani. Baadaye unang'ata nta wapate jinsi taya zinavyokutana, kisha unajaribishwa meno yakiwa yamepangwa kwenye nta. Siku hiyo nenda naye, na chukueni picha yake ya zamani akiwa anacheka. Atoke nje ajitazame kwenye kioo juani. Azungumze, ataje Uvinza, Kasulu, sitini na sita, msikie kama herufi zinatoka sawa. Kitu kisichompendeza akiseme hapohapo, kwa sababu kwenye nta jino linasogezwa kirahisi. Likishapikwa kwenye akriliki, yaani ile plastiki yenyewe, ni kazi nyingine. Na rangi, jamani! Wazee wanapenda meupe pee. Kwa maoni yangu bibi wa miaka sitini na kitu akiwa na meno meupe kama karatasi, kila mtu anajua. Kwa mama, na hayo manne yake yapo, lazima yafanane nayo.

Akitokea mtu wa kuwafuata nyumbani na mkoba, anayebandika jino la plastiki likaungana na meno ya jirani yake moja kwa moja lisivuliwe, mwambieni ahsante. Uchafu unajaa chini yake, na hayo manne yataondoka.

Kula aanze na vilaini: ndizi za kupika, ugali wa muhogo na mchuzi. Atafunie pande zote mbili kwa pamoja, ya mbele asing'atie kitu kigumu. Mgebuka atoe miiba kwa makini zaidi ya zamani, maana kaakaa limefunikwa na mwiba hausikiki. Mahindi ya kuchoma apukuchue. Miwa aiage.

Usiku ayavue, fizi zipumzike, yalale kwenye maji safi. Yakikauka yanaweza kupinda. Maji ya moto marufuku, hata kama mama ni wa kuchemsha kila kitu. Asafishe kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida, siyo dawa ya meno, maana inakwaruza na uchafu unapata pa kujificha. Ashike juu ya beseni lenye maji, yakimponyoka yasipasuke. Jiki isiguse yale yenye vikulabu vya chuma. Yakivunjika kusanyeni vipande vyote mvipeleke kwa daktari, supaglu hapana. Kaakaa likiwa jekundu chini ya meno mara nyingi ni fangasi, anatibiwa yeye na meno yanasafishwa pia. Kidonda kikizidi wiki 2 asiendelee kusukutua maji ya chumvi, aonwe.

Mkiulizia bei, ulizeni kama ile mara ya kurudi kusagiwa imo ndani au mtalipa tena kila mkienda. Na wekeni akilini kwamba baada ya miaka 5 hadi 7 hivi yatakuwa yamelegea, yajazwe au yatengenezwe mengine.