Mtego wa taa unaleta nondo tu, mbu hawaingii

Kama nimekuelewa, umetundika mtego wa CDC (taa yenye feni inayonyonya wadudu kuwaingiza mfukoni) sebuleni kijijini Kilombero, ukitafuta Anopheles, mbu wa malaria, na asubuhi unakuta nondo. Taa peke yake haimvuti mbu huyo vya kutosha, anafuata mtu. Uhamishie chumbani, upande wa miguu ya kitanda chenye mtu aliyelala ndani ya chandarua kisichotoboka, mdomo wa mtego ukiwa kama mita 1.5 kutoka sakafuni. Washa saa 12 jioni, zima saa 12 asubuhi.

Asubuhi funga shingo ya mfuko kwanza, ndipo uzime feni. Ukigeuza utaratibu, mbu wanatoroka. Betri ya volti 6 ikiisha usiku hasara ni ileile, na hutajua ni saa ngapi, kwa hiyo usiku huo usiuhesabu. Paka grisi kwenye kamba inayoning'iniza mtego, sisimizi hula sampuli.

Gambiae na arabiensis, aina mbili za Anopheles, huwezi kuwatenganisha kwa macho: wahifadhi kwenye silika jeli (chembe za kukausha) kwa ajili ya PCR, kipimo cha vinasaba cha maabara. Aedes wa dengi huuma mchana, mtego huu haumfai.

Kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na ridhaa ya mwenye nyumba vitangulie. Anayelala hapo akipata homa, apimwe malaria siku hiyohiyo kituoni.