Kitufe cha Kwenye Skrini kwa Vidole Vinavyouma

SWALI: Mama yangu ana baridi yabisi. Vidole vyake vimekakamaa, na kila anapotaka kupunguza sauti au kuzima kioo cha simu hulazimika kubonyeza vitufe vya pembeni huku akiumia. Simu yake ni ya Android. Jirani anatushauri tupakue programu ya kitufe kinachoelea juu ya skrini. Je, ni salama?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, mfikishie mama pole zetu. Hamna haja ya kupakua chochote, kwa kuwa simu nyingi za Android za miaka ya karibuni zinakuja na kitufe cha namna hiyo ndani yake. Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya Ufikivu (Accessibility), yenye nyenzo za kuwarahisishia simu wenye ulemavu au maumivu, utafute Menyu ya Ufikivu, kisha uwashe njia yake ya mkato. Majina hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Katika Samsung, kwa mfano, iko Assistant Menu inayofanya kazi hiyohiyo. Alama ndogo itatokea pembezoni mwa skrini, na mama akiigusa itafunguka menyu yenye vitufe vya kufunga skrini, kuongeza na kupunguza sauti na mwangaza, kufungua arifa, kupiga picha ya skrini na kuzima simu. Katika mipangilio ya menyu hiyo mna chaguo la vitufe vikubwa, nami ningependa uliwashe tangu mwanzo.

Simu inaweza kukupa nafasi ya kuchagua jinsi ya kuifungua menyu: kwa kitufe kinachoelea, kwa kutelezesha vidole viwili kutoka chini ya skrini, au kwa kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti. Kwa mwenye baridi yabisi, njia mbili za mwisho zinarudisha maumivu yaleyale tunayoyakimbia, kwa hiyo chagua kitufe kinachoelea. Kaa na mama mkipange pamoja, kiwe upande wa mkono wenye nafuu, mahali ambapo hakitafunika alama ya kutuma ujumbe anayoitumia kila siku.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalifahamu, nalo huwasaidia sana wazee. Mtu ambaye kidole chake hukawia kuinuka hugusa alama akitaka kuifungua, simu ikadhani ameishikilia kwa makusudi, na badala ya programu kufunguka, alama inahama mahali pake au orodha asiyoihitaji inatokea. Humohumo katika Ufikivu mna mpangilio wa muda wa kugusa na kushikilia. Urefushe, kisha umwache mama aijaribu simu mwenyewe kabla hujaamua kwamba muda huo unatosha.

Zingatia pia kwamba kitufe cha kwenye skrini hakiwezi kuiwasha simu iliyozimika kabisa. Pale inapohitajika, mama achague kuiwasha upya badala ya kuizima, na betri isiachwe iishe.

Kuhusu programu ya jirani, nakusihi uikatae. Programu inayopewa ruhusa ya ufikivu inaweza kusoma yaliyomo kwenye skrini na hata kubonyeza kwa niaba ya mwenye simu, na wezi wameitumia njia hiyo kuchukua namba za siri na kuhamisha fedha za watu benki. Ndiyo maana tangu Android 13 mfumo wenyewe huzuia ruhusa hiyo kwa programu zinazopakuliwa nje ya duka rasmi. Mtu akikuelekeza jinsi ya kukiondoa kizuizi hicho, usimfuate.

SWALI: Simu ya baba imeanza ghafla kusoma kwa sauti kila anachogusa, na haifungui kitu. Fundi anasema lazima aiflashi, yaani aifute na kuiwekea mfumo upya. Tufanyeje?
Msomaji, Likoni

JIBU: Msikubali kuiflashi, kwani picha na ujumbe wa mzee vinaweza kufutika bila sababu. Dalili hizo ni za TalkBack, msomaji wa skrini aliyetengenezwa kwa ajili ya watu wasioona, ambaye huwashwa kwa kushikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde chache. Huenda baba alivibana bila kujua alipoishika simu. Vishikilieni tena vivyo hivyo, naye atanyamaza. Ikishindikana, gusa kitu mara moja ili kukichagua, kisha gusa mara mbili kwa haraka ili kukifungua, na utumie vidole viwili kupandisha au kushusha ukurasa, hadi ufike Mipangilio na kuizima TalkBack katika Ufikivu. Ukiwa hapo, ondoa njia ya mkato ya vitufe vya sauti. Na kama macho ya baba yamepungua nguvu, mwekee mahali pake njia ya mkato ya kukuza skrini.