Jibu: Ni "to hear" au "to hearing"?

Jambo ndugu wa Bukavu. Umesema mwishoni mwa barua ya kuomba kazi uliandika "I look forward to hear from you", mwenzako akakata akaweka "hearing", na wewe unabisha kwa sababu shuleni tuliambiwa baada ya "to" kitenzi kinabaki kitupu.

Mwenzako yuko sahihi. Angalia kwanza hiyo "to" ni ya aina gani. Hapa Goma vijana huniletea barua zao kabla ya kuzipeleka kwenye mashirika, na kipimo changu ni kimoja: toa kitenzi, weka nomino. "I look forward to your reply" inasimama vizuri. Basi "to" hiyo ni kihusishi, na kitenzi kikikaa hapo lazima kiwe na "-ing". Sasa jaribu "I want to your reply". Inaanguka, ndiyo maana tunaandika "I want to hear".

Kipimo hicho kinafaa pia kwa "I am used to working at night", yaani nimezoea. Ukiondoa "am", "I used to work" inakuwa habari ya zamani iliyokwisha, usizichanganye.

Halafu, tafadhali, "in the wait of your answer" usiandike kabisa. Hiyo ni "dans l'attente de votre réponse" ya Kifaransa chetu iliyovalishwa koti la Kiingereza, nakutana nayo kila mara. Na kwa mwajiri baki na "I look forward". "I'm looking forward" waandikie rafiki zako.