Kupima tuta na handaki juu ya kilima

Ndugu yangu wa Magu, umeuliza uanzie wapi kupima tuta lenye handaki linalozunguka kilele cha kilima chenu, ambalo huenda ni la kale. Jembe liache nyumbani: kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kuchimba mabaki ya kale kunahitaji leseni. Panda Agosti, nyasi zikiwa fupi, mnamo saa moja asubuhi. Jua likiwa chini, hata tuta la nusu goti hutoa kivuli. Vuta kamba kukatiza tuta na handaki, inyooshe kwa levo ya fundi, kisha pima kina kutoka kwenye kamba kila nusu mita. Rudia penye mlango, yaani pengo la kupitia kwenye tuta. Waulize na wazee, maana si kila tuta ni la kale: zizi la ng'ombe la juzijuzi nalo huacha tuta.