Kabla ya kurefusha gati: kwa wanaoanza kazi za bandari Unguja na Pemba

Ukiajiriwa leo katika mradi wa bandari, uwe mhandisi, mpangaji au karani wa shehena, huenda kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni mchoro wa gati jipya. Uangalie, uukunje, kisha nenda yadi, uwanja wa kupangia makontena. Malindi, bandari kuu ya Unguja, imebanwa na Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na nyumba zake za mawe na chokaa hazikujengwa kustahamili malori ya makontena. Nafasi ya kupanukia nchi kavu hakuna, ndiyo maana macho yameelekezwa Mangapwani, kaskazini mwa mji, kunakopangwa bandari mpya. Lakini hata Mangapwani itajaa mapema kama mzigo utalala pale unavyolala kwengine.

Hesabu ya yadi si ngumu. Chukua idadi ya nafasi za ardhini, kila moja ikiwa ya kontena la futi 20, zidisha kwa kimo cha kupanga, kisha chukua asilimia 65 ya jibu. Ukijaza zaidi ya hapo, kreni inashinda ikihamisha makontena ya juu ili ifikie la chini. Jibu ligawe kwa siku ambazo kontena hukaa. Tuseme una nafasi 400 na unapanga kimo cha 3: yadi inabeba makontena 780. Yakikaa siku 10, unaweza kupokea 78 kwa siku. Yakikaa siku 5, unapokea 156, na hujamwaga hata ndoo moja ya zege.

Kwa hiyo anza na orodha ya makontena ya mwezi mmoja, uandike nyakati nne za kila kontena: liliposhuka melini, nyaraka zilipokamilika, malipo yalipofanyika, lilipotoka getini. Usiridhike na wastani. Makontena machache ambayo wenyewe wameyatelekeza yatauvuta wastani wote, na dawa yake ni yadi ya nje au mnada, wala si gati. Yaliyobaki yatakuonyesha foleni halisi iko wapi, na mara nyingi iko mezani, si kwenye kreni.

Kisha tazama sakafu. Richi staka, mashine ya kunyanyua na kupanga makontena, iliyobeba kontena zito huweka karibu tani 100 kwenye ekseli yake ya mbele, wakati ekseli ya lori la kawaida hubeba kama tani 10. Yadi iliyotandikwa kama barabara ya mtaa itabonyea msimu wa kwanza wa masika: maji yanatuama, safu za makontena zinainama, na mashine inaanza kula matairi.

Barabara nayo ihesabiwe mapema. Makontena 150 kwa siku, kila lori likibeba moja, ni safari 150 za kutoka na 150 za kurudi. Kwa kazi ya saa 10, hilo ni lori moja kila baada ya dakika 2, likipita mbele ya skuli na masoko. Ratiba ya kuingia getini kwa zamu huondoa sehemu kubwa ya adha hiyo, nayo ni rahisi kuliko kupanua njia. Makontena matupu yanayorudi yasisahauliwe. Visiwa huingiza zaidi kuliko vinavyotoa, na matupu hula nafasi sawa na yaliyojaa.

Upande wa Pemba, shida ya kwanza ni maji. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Sasa chukua daraja la kushukia lenye urefu wa mita 20. Maji yakipwa lina mteremko wa 1 kwa 5, na gari lenye mzigo litakwaruza tumbo. Kwa mteremko wa 1 kwa 8 unahitaji mita 32. Kwa kiti cha magurudumu kipimo cha kawaida ni 1 kwa 12, yaani mita 48. Ndiyo maana kwa abiria gati linaloelea lina faida, maana linapanda na kushuka pamoja na boti. Msanifu akikuletea mchoro uliopimwa kwenye maji ya wastani, mrudishie.

Umeme wa nchi kavu kwa meli, yaani meli kuchomeka umeme wa gatini badala ya kuwasha jenereta zake, unavutia wafadhili, lakini hapa una masharti yake. Unguja hupata umeme wake mwingi kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na Pemba imeungwa na Tanga kwa waya wake tangu 2010. Hitilafu ya 2008 iliiacha Unguja gizani takriban mwezi mmoja, na ile iliyoanza Desemba 2009 ilichukua kama miezi mitatu. Zaidi ya hayo, meli nyingi kubwa hutumia umeme wa masafa ya hezi 60 na gridi yetu ni hezi 50, hivyo inahitajika mashine ya kubadilisha, nayo ni ghali. Ni busara kuanza na boti za abiria zinazolala gatini kila usiku. Mahitaji yao ni madogo, na chombo ni kilekile kesho na keshokutwa. Makontena ya barafu ya pweza na samaki yawekewe jenereta ya akiba hata kama mradi unaitwa wa kijani. Samaki akioza, hakuna mazingira yaliyookolewa.

Kuchimba kina ndiko kunakozua ugomvi na wavuvi. Tope huelea na kufuata mkondo, likatua kwenye matumbawe na majani ya bahari ambamo wavuvi hutega madema. Pima uchafu wa maji kabla ya kazi, kwenye bamvua na kwenye maji mafu, kusi na kaskazi, na wavuvi wa diko husika wawepo wakiona namba zikiandikwa. Mahali pa kumwaga tope pakubaliwe nao na pawekwe maboya. Bila vipimo vya mwanzo, mvuvi akija kudai fidia hamtakuwa na la kumjibu, si la kumkatalia wala la kumlipa kwa haki.